Kamba ya Upande wa Kichwa

Siku ya Bwana, simu hazilii ovyo katika kijiji chao. Watu wa kisiwa cha Lewis hawapigiani simu Jumapili kuulizana bei ya kondoo wala kuazimana ngazi. Hayo yote hungoja Jumatatu. Kwa hiyo simu ilipolia Kenina akiwa ametoka ibada ya asubuhi, kofia bado kichwani, amepiga magoti jikoni akikausha mkojo wa mbwa, alijua kabla hajaipokea. Akamaliza kwanza kukausha. Akakamua kitambaa ndooni, akashika meza, akainuka.

"Ni Kenina?" muuguzi wa hospitali ya mjini akauliza.

"Ndimi. Evander kaenda?"

"Amepumzika sasa hivi, mama. Hakuhangaika."

"Asante kwa kunijulisha."

Evander alikuwa kaka yake. Yeye hakuolewa, kaka hakuoa, na tangu wazazi wao wafariki walikuwa wawili tu katika nyumba ile. Kenina akageuka. Mbwa alikuwa amelala ubavu karibu na jiko, akimtazama kwa macho yenye ukungu.

Moss alikuwa mbwa wa kondoo wa Evander, na Kenina hakuwahi kumpenda. Mbwa wa kazi mahali pake ni bandani, ndivyo walivyolelewa. Lakini miguu ya nyuma ilipomlegea, Evander alimbeba akamwingiza jikoni bila kuomba ruhusa, wakanuniana juma zima. Kisha Evander mwenyewe akaanza kuishiwa pumzi. Gari la wagonjwa lilipokuja, aliwasimamisha mlangoni waliombeba.

"Kenina, mwangalie Moss. Asiondoke kabla sijarudi."

"Nenda, kaka. Nitamtunza kuliko nilivyokutunza wewe."

"Hilo ndilo linalonitia hofu."

Wakacheka. Baadaye alipokwenda kumtazama hospitali, Evander alikuwa na barakoa ya hewa usoni, hawezi kusema. Kwa hiyo utani ule ndio uliobaki kuwa kuagana kwao.

Jeneza lilirudi nyumbani likawekwa sebuleni, na jioni majirani wakaja kwa ibada, wakajaa mpaka kwenye ngazi. Wakati Zaburi inaimbwa, Moss alijiburuta kutoka jikoni, akapenya kati ya miguu ya watu, akalala chini ya jeneza. Mzee wa kanisa akamtazama Kenina.

"Mwache," Kenina akasema. "Hasumbui kuliko Torkil akiimba."

Torkil, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akainamisha kichwa ili asionekane anatabasamu.

Siku ya maziko wanaume walimbeba Evander kwa miguu, wakipokezana begani, na wanawake wakabaki. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Peigi, mke wa Torkil, alikuja na koti lake.

"Shoga, siku hizi wanawake wanakwenda mpaka kaburini. Vaa viatu twende. Hakuna atakayekusema."

"Mama hakwenda alipozikwa baba."

"Mama yako hakuwa na friji pia."

"Nitabaki, Peigi. Mbwa naye hawezi kuachwa."

Akasimama pembeni mwa nyumba, Moss akiwa ameegemea mguu wake, mpaka wale wanaume wakapotea nyuma ya kilima. Torkil aliporudi, Kenina akamuuliza nani alishika kamba ya upande wa kichwa jeneza likiteremshwa kaburini, maana hiyo ni haki ya ndugu wa karibu kuliko wote. Torkil akasema ni binamu yao wa Glasgow. Yule binamu hata chai Evander alikuwa hampi kwa moyo mweupe. Kenina akaenda kuosha vikombe. Lakini neno lile halikumtoka akilini.

Kuanzia hapo yakabaki maisha ya yeye na mbwa. Asubuhi alimpitishia taulo chini ya tumbo, akamwinua na kumtoa nje ajisaidie, mwanamke wa miaka sabini na kitu akiyumba kwenye upepo kama mlevi. Alimpikia uji wa shayiri kwa mchuzi wa kondoo, akamlisha kwa kijiko. Kila Jumamosi alifua mablanketi yote na kuyaanika, maana Jumapili hakuna anayeanika nguo. Mgongo ulimuuma. Wakati mwingine alimwomba Mungu ampe nguvu, na wakati mwingine, akiwa amechoka mno, aliomba tu asiingiwe na hasira.

"Huyu kala chumvi nyingi kuliko mchungaji," Torkil alimwambia siku moja, akileta mboji kavu ya kuwashia jiko. "Muite daktari wa mifugo, Kenina. Unajiua."

"Nilimwahidi kaka."

"Ulimwahidi asiondoke kabla hajarudi. Evander alirudi, dada. Alilala sebuleni humu, na mbwa wake alimuona."

Kenina alipokea mboji, akaipanga kando ya jiko. Alijua ni kweli tangu siku ile ya jeneza. Alijua pia kwamba Moss akiondoka, hakutakuwa na kiumbe kingine katika nyumba ile kinachoijua sauti ya Evander.

Ikaja Jumapili ambayo Moss alichafua blanketi la mwisho safi kabla ya ibada, kisha akageuza uso alipoletewa uji. Alikuwa akihema kwa shida, kama Evander siku zile za mwisho. Kenina akavua kofia. Hakwenda kanisani. Alilifua blanketi lile, akatoka nalo mchana kweupe, akalianika kwenye kamba ya nguo mbele ya barabara, watu wakipita kwenda ibadani. Aliporudi ndani aliketi sakafuni, akamwekea Moss mkono ubavuni.

"Haya," akamwambia. "Kazi ya huruma Bwana ameiruhusu hata siku yake. Kesho nitampigia daktari."

Jumatatu daktari alikuja, dada mmoja mpole kutoka mjini. Akapiga magoti karibu na jiko. Kenina akashika kichwa cha Moss mapajani, akalitaja jina la Evander sikioni mwake mara moja, kwa sauti ya chini. Sindano haikuchukua muda.

Torkil alikuwa ameshachimba shimo nyuma ya zizi la kondoo. Wakambeba Moss ndani ya lile blanketi lililokuwa limekauka vizuri, Torkil akiwa tayari ameshika upande wa kichwa.

"Hapo ni pangu," Kenina akasema.

Torkil akamtazama, akavua kofia, akazunguka upande wa miguu. Wakamteremsha polepole, Kenina akilegeza ncha za blanketi kidogo kidogo mpaka alipohisi uzito umefika chini. Hawakuomba, maana mbwa haombewi. Torkil akachukua sepetu. Kenina alibaki amesimama pale ukingoni mpaka udongo ukawa sawa na nyasi, kisha akaenda ndani kuosha mikono.