Chupa Iliyofunguliwa Jikoni

Siku yangu ya kwanza katika bohari la mvinyo pale Mobeni, Afrika Kusini, Meneja wa Bohari alinipokonya chupa mkononi. "Unaisimamisha kwa nini? Iko askari? Ilaze!" Hapo nikajua: mvinyo wa miaka mingi hulazwa ubavu, ili kizibo kibaki na unyevu na hewa isipenye. Mimi nilitoka Bukavu na darasa la nne tu. Nilianza kwa kubeba makasha, nikamaliza nikiwa Mkuu wa Chumba Baridi. Hakuna mtu aliyenishika mkono.

Chumba kile kilijaa mvinyo mwekundu wa shamba moja la Bordeaux, kule Ufaransa. Niliutunza bila kuuonja, na jambo moja lilinisumbua: kwa nini wachanganye zabibu za aina tatu?

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Madame mwenye shamba alikuja mwenyewe. Hali ilikuwa mbaya. Mvua ya mawe ilikuwa imempiga misimu mfululizo, na asipouza akiba yake ya zamani iliyolala chumbani mwangu, benki ingechukua shamba. Mnunuzi alikuwa Papa Kasongo, Mkongo mwenzangu mwenye hoteli Lubumbashi.

Madame akafanya kama kwao. Asubuhi, jikoni mwa ofisi, alifungua chupa akaimimina polepole kwenye jagi la kioo, mashapo yabaki chini na mvinyo upate hewa. Mchana akamletea mgeni jagi na glasi.

Papa Kasongo akalitazama. "Nani alifungua?"

"Mimi, tangu asubuhi."

Akaisukuma glasi. "Merci, Mama. Sina kiu."

Madame akaiva uso, akidhani mvinyo wake umedharauliwa. Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha sokoni: "Madame, kwetu mgeni hanywi kitu kilichofunguliwa bila yeye kuona. Anaogopa sumu. Fungua hapa, unywe wewe kwanza."

"Lakini ukifunguliwa sasa utakuwa mkali! Unahitaji saa nzima, labda zaidi."

Papa Kasongo akacheka. "Mimi nilingojea visa ya Afrika Kusini. Nitashindwa na chupa?"

Madame akafungua chupa nyingine mbele yetu, akanywa wa kwanza, akakunja uso. Tukakaa tukiitazama ile chupa kama wakwe wanaosubiri kujibiwa. Ndipo nikamuuliza Madame habari ya zile aina tatu za zabibu.

"Merlot huiva mapema, Cabernet huchelewa," akasema. "Babu yangu aliogopa mvua. Ikiharibu moja, nyingine inabaki. Mvua ya mawe tu ndiyo haichagui."

"Na ya tatu?"

"Bibi aliipenda harufu yake. Nani angembishia?"

Jua lilipoinama, Papa Kasongo akaonja. Akanyoosha glasi tena. "Ongeza. Na huyu mzee mpe."

Nikaonja: ngozi ya kiatu kipya, halafu zambarau, halafu kitu nisichokijua jina. Eish!

"Nachukua akiba yote," Papa Kasongo akasema. "Jagi lako rudi nalo kwenu."

Sasa nimestaafu. Vijana wa bohari nawaambia hivi: mgeni akisukuma glasi, msinune, tafuteni anaogopa nini. Madame bado ana shamba lake. Juzi alinipigia simu. Siku hizi hata Wafaransa wenzake anawafungulia mezani na kunywa wa kwanza, nao wanamsifu, wakidhani anashika desturi ya ukoo wake.