Mtoto wa Komba, Mtoto wa Taa

Mdogo wangu Koulsoum alikuwa muuza samaki sokoni Mahabibo, Mahajanga. Kwa kupasua taa wa mtoni, samaki wale bapa wenye mwiba mkiani wanaovuliwa Betsiboka kwenye maji baridi, hakuna aliyemfikia. Hodari wa kisu, mzito wa kusema. Mwisho wa 1976, Wangazija wenzetu waliposhambuliwa mjini, aliniletea huku kisiwani Nosy Be mwanawe Echata, hata kutambaa hajaanza. Yeye akarudi kumuuguza baba yetu, ambaye hakuweza kusafiri.

Mji ulitulia upesi. Baba hakupona, wala hakufa upesi. Koulsoum alikuja kumchukua mwanawe 1980, alipokwisha kumzika baba. Echata sasa alikuwa na meno na maneno, na aliyemwita mama ni mimi. Alimtazama yule mgeni, akajificha nyuma ya leso niliyojifunga.

Komba wa huku, wakubwa kama paka, walizoea kushuka uani kula mapapai yetu: dume jeusi, na jike la kahawia na kitoto kilichoning'inia tumboni pake. Koulsoum alikaa kibarazani akiwatazama, chai imempoa mkononi. Akaniambia komba na taa ni sawa, wote huzaa mtoto kamili, si yai. Lakini mtoto wa taa hutoka na mwiba wake, akaogelea zake, na mama hageuki nyuma.

"Mimi ndiye taa, dada," akasema. "Mtoto asiponitaka, nitakuachia."

Roho iliniuma. Nina ulimi mkali, wote wanajua, lakini siku ile nilimjibu taratibu.

"Mwangalie vizuri huyo komba. Hamshiki mwanawe, mikono anaitaka kwa matawi. Mtoto ndiye anayeshika. Usimvute. Kaa karibu tu."

Akakaa. Echata akikubali kusukwa, alimsuka, akikataa, alimwacha. Mimi nilipika, sikumwambia mtoto aende wala abaki, maana nilimpenda mtoto yule kuliko macho yangu.

Siku ya Koulsoum kurudi Mahajanga tulifika gatini Hell-Ville bila mtu kuthubutu kumuuliza mtoto kama ataondoka au atabaki. Koulsoum alituaga, akabeba kapu mkono huu na furushi mkono huu, akageuka. Nikanyoosha mikono nimbebe Echata turudi nyumbani. Akanipita mbio, akamrukia mama yake, akamng'ang'ania shingoni na kiunoni.

Koulsoum hakuwa na mkono wa kumshikia. Mtoto hakuanguka. Aliyehitaji kushika kitu ni mimi, nikashika nguzo ya gati.