Niliuita Uamsho, Kumbe Ilikuwa Waifai ya Kanisa

Nilikosa. Naanza na hilo kabisa, maana nikianza na sababu nitajitetea mpaka jua lizame, na wewe utachoka kunisikiliza.

Jina langu liache. Jua tu kwamba mimi ni mama mtu mzima, wakati huo nilikuwa karani wa masijala kwenye ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Nilikuwa nakaa mtaa wa Kikuyu, na kanisani nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya uinjilisti. Mwenyekiti! Nililipenda neno hilo kuliko jina nililobatizwa nalo.

Ilikuwa miaka ile makampuni ya simu yalipokuwa yakigombania wateja kama wapiga debe wa stendi. Kila ukigeuka kuna kampuni mpya, fulana mpya, gari la muziki. Simu za kugusa ndiyo zilikuwa zimeanza kushuka bei. Kila kijana anayo, ila bando hana! Mchungaji wetu naye akaamua ofisi ya usharika iwe na waifai, ili ripoti ziende makao makuu bila mtu kupanda basi.

Aliyeisimamia alikuwa Tumaini, karani wa usharika. Binti wa miaka ishirini na kitu, mtaratibu, mama yake alishafariki. Mimi ndiye niliyempigania apate kazi ile, na alinishika kama mzazi wake. Kwa kuwa karatasi za usharika zilikuwa hazijakamilika, laini ya mtandao ilisajiliwa kwa kitambulisho chake.

Utaratibu aliouweka ulikuwa mwepesi mno. Ukihitaji mtandao unakwenda ofisini, unasema unataka kufanya nini, unaandika jina kwenye daftari, naye anakuingizia neno la siri kwenye simu yako. Basi! Hakuna aliyekataliwa. Hata mama muuza karanga wa getini aliingiziwa, akamwona mjukuu wake wa Mwanza anavyotambaa, akalia pale pale kwenye benchi la ofisi.

Lakini mimi? Niandike jina langu chini ya muuza karanga? Mwenyekiti mzima!

Nikamwendea Tumaini nikamwambia nina ripoti nyingi za kamati, aniandikie hilo neno la siri kwenye karatasi nisimsumbue kila siku. Akasita. Kisha akaandika, akanipa kwa mikono miwili.

"Mama, naomba hili lisitoke," akasema. "Kila kinachopita kwenye laini hii kinapita kwa jina langu."

"Mwanangu, siri ikiingia kwangu imeingia kaburini."

Kaburini! Lo! Kaburi lenyewe lilikuwa na mlango wa nyuma.

Nilikuwa na mpangaji chumba cha uani, kijana wa chuo anaitwa Jofrey. Mjanja, mcheshi, kodi analipa kwa hadithi. Jumamosi moja ananirekebishia simu, akanitazama kwa huruma. "Yaani mama, wewe kiongozi kabisa, paswedi ya kanisa hawajakupa?"

Ningenyamaza ningepungukiwa nini? Nikaingia ndani, nikatoka na ile karatasi. "Ninayo! Nani amekuambia sina?" Nikamsomea herufi kwa herufi, kwa sauti ya tangazo la ndoa. Halafu nikamwonya asimwambie mtu.

"Mama, si unanijua?"

Nilikuwa namjua. Hilo ndilo kosa lenyewe.

Sasa sikiliza. Ibada yetu ya maombi ya Jumatano alasiri ilikuwa na akina mama wanane na mzee mmoja aliyekuja kwa sababu mkewe amekuja. Jumatano iliyofuata waliingia vijana kama ishirini! Iliyofuata, mabenchi yakajaa. Mwezi haujaisha, tunaazima viti vya shule ya jirani. Na wote walipenda kukaa upande mmoja, ule unaopakana na ukuta wa ofisi.

Vichwa wameinamisha, nani kama wao! Toba ikiombwa, huyu anacheka peke yake. Siku moja mchungaji anaombea wagonjwa, kijana mmoja akaruka juu, "Gooli!" Mchungaji, macho ameyafumba, akajibu, "Amina!"

Mimi nilijua. Nasema mbele yako, nilijua tangu wiki ya pili.

Baada ya ibada mchungaji akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. "Mama mwenyekiti, miaka yote nimehangaika na hawa vijana. Umefanyaje?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi nitoke. Nikaufunga mwenyewe.

"Ni kufunga na kuomba tu, mchungaji."

Kufunga! Mimi hata chai ya saa nne sijawahi kuiruka!

Basi akaandika ripoti makao makuu: uamsho umeshuka Kikuyu. Nikaanza kuitwa. Nilikwenda usharika wa Area D kufundisha wenyeviti wenzangu, nimevaa kitenge kipya, nimeshika maikrofoni. "Vijana hawahitaji kulazimishwa," nikawaambia, "wape kile ambacho mioyo yao ina kiu nacho." Watu wazima wakaandika kwenye madaftari! Dada mmoja aliniomba nimwekee mikono kichwani. Nikamwekea.

Tumaini ndiye aliyeona mambo hayaendi sawa. Bando la mwezi lilikuwa linaisha kabla ya nusu ya mwezi, ripoti zinakwama, baraza la wazee linamuuliza kama anapakua filamu. Akanifuata nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mama, samahani kwa kuuliza. Ile karatasi niliyokupa, kuna mtu ameiona?"

"Mimi? Unaniuliza mimi?" Nikapandisha sauti ili nisisikie dhamiri. "Tumaini, nimekuwa mtu wa kuuza siri siku hizi?"

Akapiga magoti kuomba radhi. Yeye, kwangu! Akasema basi atabadilisha neno la siri kesho yake, na vijana watakaotaka waje waandike majina kama wengine.

Moyo ukanipasuka. Maana wiki mbili mbele tulikuwa na ugeni kutoka makao makuu, wanakuja kuuona uamsho kwa macho. Neno likibadilishwa, mabenchi yatabaki na akina mama wanane na mume wa mtu.

"Usibadilishe sasa," nikamwambia. "Ukivuruga mtandao, ripoti za maandalizi zitakwama. Subiri ugeni upite. Mimi nitasema na mchungaji."

Akatii. Hilo ndilo linaloniuma. Alitii kwa sababu ni mimi.

Ndani ya wiki hizo mbili, kijana mmoja katika wale wa ukutani aliamua kujifurahisha. Akatengeneza tangazo la uongo: majina ya walioitwa kazini, waripoti ofisi fulani ya serikali hapa Dodoma, Jumatatu saa mbili asubuhi, na vyeti halisi. Majina aliyatoa kwenye orodha ya zamani ya wahitimu. Akalirusha mtandaoni, akacheka, akarudi kwenye mpira wake.

Jumatatu ile watu walitoka Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, wengine mbali zaidi. Wamepiga pasi, wamenyoa, bahasha ziko kifuani. Walinzi wa ofisi ile hawakujua hata waanzie wapi. Watu waliambiwa hakuna kazi, wakakataa kuondoka, wakidhani nafasi zao zimeuzwa.

Polisi wakafuatilia tangazo lilikotoka. Nyayo zikawaleta mpaka kwenye kile kisanduku chetu cha waifai chenye vitaa vya kijani, na jina la mwenye laini likasomeka wazi. Jumanne asubuhi walimchukua Tumaini ofisini, na kompyuta ya usharika wakaibeba. Alilala kituoni siku mbili akihojiwa.

Baraza la wazee likakaa Jumatano. Mchungaji akaniomba nifungue kwa sala. Nikafungua! Nikamwomba Mungu afichue yaliyofichika. Ulimi huu huu!

Wazee wakasema huyu binti ametuaibisha. Mmoja akasema ndiyo maana bando lilikuwa haliishi kuisha. Nikaulizwa, wewe mama unamfahamu, unasemaje? Nikakohoa. Nikasema, "Vijana wa siku hizi huwezi kujua wanafanya nini na mitandao." Wakamsimamisha kazi, wakaandika kwenye muhtasari, mimi nikatia sahihi.

Baadhi ya wale waliodanganywa walikosa nauli ya kurudi, kanisa likawapa hifadhi kwenye ukumbi, na kuwahudumia ilikuwa zamu ya kamati yangu. Alhamisi nikapeleka chai na mihogo. Kulikuwa na baba mmoja wa Kongwa, kama miaka thelathini na tano, mwalimu asiye na ajira. Akaniomba pasi.

"Ya nini baba? Si wamesema tangazo ni la uongo?"

"Nitarudi tena leo, mama. Jina langu lilikuwa la saba. La saba! Watu wanaweza kukosea jina, hawawezi kukosea mpaka namba." Akalikung'uta shati lake jeupe, akalikunjua juu ya meza. "Mke wangu ameshawaambia majirani."

Nikasimama na birika mkononi. Nilitaka kumwambia Mungu ni mwema. Nikaiweka birika chini, nikaenda moja kwa moja kwa mchungaji, mguu hata hauoni njia.

Nilimweleza yote. Karatasi, Jofrey, ukuta, kufunga na kuomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "mimi sasa niwaandikie makao makuu kwamba Roho aliyeshuka Kikuyu alikuwa na neno la siri?"

Sikujua kama nicheke au nilie. Yeye hakucheka.

Tulikwenda wote polisi. Nikaandika maelezo. Jofrey akaitwa, akataja wenzake, na jioni ile ile mwenye tangazo akapatikana, simu yake bado ina rasimu. Tumaini alikuwa ametoka asubuhi ile kwa dhamana ya mjomba wake. Jumapili nilisimama mbele ya usharika mzima nikasema. Hakuna aliyepiga kelele. Ningefurahi wangepiga! Wale akina mama wanane walinitazama tu, kama unavyomtazama mtu aliyevaa nguo yako bila kuomba.

Ugeni wa makao makuu ukafutwa, uenyekiti ukaondoka. Area D nikarudi, kwa mguu wangu, nikawaambia wafute yale waliyoandika kwenye madaftari. Yule dada niliyemwekea mikono alikataa kunisalimia, na sikumlaumu.

Baraza lilimwandikia Tumaini barua ya kumwomba msamaha na kumrudisha kazini. Alishukuru kwa barua fupi, akakataa kurudi. Alishahamia Mtera, kule bwawani, kwa shangazi yake, kwenye duka la nyavu na ndoano.

Na waifai? Ipo mpaka leo! Laini iko kwa jina la usharika. Kuna mtandao wa ofisi, ambao neno lake lina watu wawili tu, na kuna mtandao wa wageni, una neno lake lenyewe, linabadilishwa kila mwezi. Unakwenda, unaomba, unaandika jina, unapewa. Vijana wanakuja wengi tu. Jumatano mchungaji anaiwasha ibada ikishakwisha, na wanaokaa kusubiri hawapungui kumi na wawili. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Kumbe alichokuwa anakifanya Tumaini tangu mwanzo ndicho hicho hicho!

Nilimfuata Mtera. Alinipokea vizuri, akanisalimia kwa heshima, akanipikia ugali na samaki wa bwawani. Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha uso kwa uso.

"Nilishakusamehe mama, tangu niliposikia ulisema mbele ya watu," akasema. "Paswedi ni kitu kidogo, mtu yeyote anaweza kuteleza." Akaanza kupanga ndoano kwenye kopo. "Ila pale kituoni waliniuliza nani aniletee kanga na mswaki. Nikakutaja wewe. Askari akakupigia mbele yangu."

Ndiyo. Alinipigia. Huko juu nimeliruka hilo, nilidhani nitaweza kumaliza bila kulisema. Alinipigia Jumanne mchana, nikamwambia nina kikao, kumbe kikao kilikuwa kesho yake. Nikazima simu.

Basi wewe unayenisoma, una mtandao wa jirani mfukoni na mwenyewe hajui, au umepewa neno la watu ukaligawa ili uonekane mkubwa: nenda kaombe, kaseme, leo hii. Kuomba hakumpunguzi mtu kimo. Na mwenye mtandao, usiache laini kwa jina la mnyonge halafu funguo ukamgawia mkubwa. Mimi ningeomba, ningepewa bure, mbele ya watu wote, na binti yule asingelala kituoni akingoja mtu wa kumpelekea kanga.