Jozi Moja

Jana nilipita Kariokor, kwa mafundi wa viatu, na harufu ya gundi ikanisimamisha katikati ya njia.

Zamani mimi na rafiki yangu tulikuwa na jozi moja ya viatu vya raba. Akicheza yeye, mimi nakaa kwenye benchi peku. Akichoka anavivua, navivaa. Ndiyo maana hatukuwahi kucheza pamoja hata siku moja. Yeye alikuwa gadi, mwongoza mpira, nyota wa timu yetu ya mpira wa kikapu ya wasichana wa Makongeni. Mimi nilikuwa wa kumpumzisha tu.

Siku ile tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Basi la timu kubwa iliyomsajili lilikuwa limekuja kumchukua, liko kando ya uwanja, injini inanguruma. Dereva akapiga honi. Kocha wetu akajifanya hasikii. Honi ikalia tena, ndefu, na yeye akamrushia refa mpira, akaja benchi.

"Usiende," nikamwambia. "Zimebaki dakika mbili tu."

"Wataniacha, manze."

Alikuwa ameshainama, anafungua kamba. Soli tuliyoibandika kwa gundi siku mbili kabla ilikuwa imeanza kuachia tena.

"Wewe vaa," akasema. "Na usirushe kutoka mbali. Ingia ndani."

Akavuka kokoto peku hadi kwenye basi, akichechemea, wala hakugeuka.

Niliapa sitavivaa. Afadhali tufungwe. Kocha akaniita kwa sauti, mara ya pili akafoka, nikaingiza mguu.

Ndani bado mlikuwa na joto.