Aliyenawisha Wageni Mikono

Wangeci alikuwa akimpima mteja mabega pale dukani kwake Nakuru, amshonee gauni, simu ilipolia. Kiarie, ndugu yake, hakusalimu. Alimwambia afunge duka aje nyumbani Subukia, baba yao Naftaly ametangulia. Mzee alikuwa ameketi nje akiwangoja waumini wa ushirika waje kuomba, naye alikuwa ameshawatelekea maji ya kunawa. Walipofika walimkuta ameegemea ukuta kama aliyesinzia, na sufuria jikoni bado ya moto.

Mteja ndiye aliyemshika asianguke. Wangeci alilia, kisha akasema jambo ambalo yule mama hakulielewa.

"Sasa nani atawanawisha?"

Maana hivyo ndivyo watu wa Subukia walivyomjua Naftaly. Alikuwa mkulima wa mahindi, mwenye ng'ombe wachache wa maziwa, na mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Lakini ukiuliza njia ya kwenda kwake uliambiwa, aah, kwa mzee wa jagi. Harusini, matangani, kwenye harambee, watu wakishakaa kula, Naftaly alitokea na jagi la maji mkono huu, beseni mkono ule, taulo begani. Kazi hiyo kwao ni ya wasichana. Mzee wa mvi akikuinamia akumwagie maji, unatamani ardhi ipasuke uingie. Yeye hakujali. Aliyajaribu maji kwa kiwiko kama ya kuogeshea mtoto mchanga, akaanzia mwisho wa mstari, walikokaa vibarua na wachunga ng'ombe. Mhubiri mmoja mgeni alipata kumwita kwamba wageni wa heshima wako huku mbele. Naftaly alimjibu kwamba anakuja, lakini hata huku nyuma wako.

Alianza siku aliposimikwa kuwa mzee wa kanisa. Watu walimcheka wakamuuliza mbona asioshe miguu kama Bwana Yesu. Akasema wanafunzi walikuwa na ndala na vumbi. Siku hizi miguu ina soksi na viatu vya kamba, kumvua mtu ni kumsumbua. Mikono ndiyo inayokuja wazi.

Kijijini walizoea. Lakini siku wazee wa kina Masinde walipokuja kuposa, Wangeci hakutaka kubahatisha. Alimpenda Quincy Masinde, kijana wa Nakuru ambaye ukoo wake ulitoka magharibi enzi za kazi ya reli, na hakukuwa na usiku aliolala bila kuiombea siku ile. Babake Quincy, Mzee Masinde, alikuwa fundi wa reli mstaafu, mtu wa suti na kofia, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Hakuwa amewahi kuonana na Naftaly. Asubuhi hiyo shangazi Becky alimwonya kaka yake kwamba leo yeye ndiye mwenye boma, atakaa ndani kwenye kiti kikubwa, wasichana watanawisha. Wangeci naye akamshika mkono.

"Baba, leo tu. Kaa."

Naftaly alimwita binti yake Mama, kwa kuwa alikuwa amepewa jina la mama mzazi wa mzee.

"Mama, nimesikia," akasema.

Wangeci akatulia. Alisahau kwamba kusikia si kukubali.

Wageni walifika na nyimbo. Ah, kelele zilizokuwa langoni siku hiyo! Wanawake wa nje wanaimba wafunguliwe, wa ndani wanaimba kwamba lango lina kutu, vigelegele vinapanda mpaka ng'ombe wanaitikia zizini. Wangeci alikuwa chumbani amefichwa, kama desturi inavyotaka, bibi harusi asionekane mpaka aitwe. Alifungua pazia kidole kimoja. Aliwahesabu wageni wake kwa furaha, akamwona Quincy akishusha mizigo kule kwenye magari, akamwona Mzee Masinde akiketi chini ya hema.

Kisha akamwona baba yake.

Mvua ilikuwa imenyesha, boma lina tope. Naftaly alikuwa amevua koti, amevaa gambuti za mpira, taulo begani, jagi mkononi, anaingia hemani kwa nyuma.

Wangeci akamwandikia Quincy ujumbe upesi kwamba huyo mwenye jagi ndiye baba, amwambie babake. Simu ya Quincy ilikuwa ndani ya koti, koti ndani ya gari. Naye Wangeci hawezi kutoka! Akauma pazia. Naftaly alinawisha madereva, akanawisha akina mama, akamfikia Masinde.

"Mzee, haya maji umeyachemshia mbalamwezini?" Masinde akauliza, na hema zima likacheka.

Naftaly akaomba radhi, kwamba mstari umekuwa mrefu.

"Na sabuni ni kipande hiki tu? Mwambie bosi wako asiwe mkono wa birika. Tena akuongeze mshahara, umri huo si wa kubeba beseni."

"Nitamwambia, mzee," akasema Naftaly, akampangusa mikono, akaenda kwa mwingine.

Walipokwisha kula, wazee waliingia sebuleni kwa mazungumzo. Masinde alisimama akasema kwa heshima kwamba wamepokewa vizuri, sasa wangependa kumsalimu mwenye boma. Naftaly akavua gambuti mlangoni, akavaa koti, akaketi kwenye kiti kikubwa.

Masinde alibadilika uso.

"Mmetutega," akasema. "Nilisikia huku kuna faini, mbuzi kwa kosa hili, mbuzi kwa lile. Lakini kumvalisha mwenye boma gambuti ili mgeni ajikwae? Quincy, washa gari."

Becky akanong'ona kwamba yeye alisema, alisema mapema. Wazee wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Kule chumbani Wangeci, aliyesikia yote, alishika kitasa cha mlango, akiona ndoa yake ikitoka langoni na kofia kichwani.

Naftaly aliinua mkono wakanyamaza.

"Masinde, ningetaka kukudharau ningekaa hapa tangu asubuhi nikungoje uje uniinamie. Mtoto wangu anakuja kwenu. Nilitaka niishike kwanza mikono nitakayomwachia."

Masinde aliitazama mikono yake mwenyewe, mikubwa, yenye makovu ya karakana, kama anayeiona mara ya kwanza.

"Na wewe nani amekunawisha?" akauliza hatimaye.

Hakuna aliyekuwa amemnawisha. Masinde akaweka kofia chini, akatoka mwenyewe mpaka hemani, akarudi na jagi na beseni, suti na yote, akamwinamia Naftaly akammwagia maji.

"Ni baridi kweli," akasema.

"Nilimpelekea bosi yale maneno," Naftaly akasema. "Mshahara amekataa kuniongeza."

Kicheko kilichotoka mle ndani kiliwafanya wanawake wa nje wapige vigelegele bila kujua kwa nini. Wangeci alisahau kila kitu, akafungua mlango, akatoka mbio mpaka katikati ya wazee. Bibi harusi, hajaitwa! Becky alimrudisha kwa kumsukuma, lakini wageni walikuwa wamekwisha kumwona, na mbuzi wa faini siku hiyo akatoka zizini kwa Naftaly. Masinde alimpeleka mwenyewe garini akimshika pembe, anaimba.

Tangu hapo wakawa wawili. Kulipokuwa na shughuli Subukia, Masinde alipanda kutoka Nakuru na goti lake bovu; Naftaly anamwaga, yeye anapangusa, wakibishana kama maji ni ya moto au la.

Siku ya mazishi Becky alikuwa ameleta matangi ya plastiki yenye bomba, kila mtu ajinawishe, na Wangeci hakuwa na nguvu za kupinga. Ibada ilikuwa fupi, kama Naftaly alivyopenda. Mchungaji alisoma Yohana kumi na tatu, Yesu akiwaosha wanafunzi miguu, kwaya ikaimba, jeneza likateremshwa. Quincy, Kiarie na vijana waliochimba kaburi walirudisha udongo mpaka ukawa tuta, wakapanga maua. Kulikuwa kumenyesha, mikono yao yote ilikuwa myekundu.

Wangeci aliingia jikoni kuchukua jagi. Halikuwapo. Alipotoka alimwona Mzee Masinde karibu na kaburi, amevua koti, jagi mkononi, akiyajaribu maji kwa kiwiko. Hakuwa na wa kumshikia beseni. Wangeci akalishika.

Walianza na wachimbaji. Maji yaliyotoka mikononi mwao yalikuwa mekundu, kisha yakawa meupe. Walipokwisha, Wangeci aliyamwaga maji ya beseni kando ya tuta, na watu wakaenda kula.