Turubai Uani kwa Mzee Rémy

Mtaa ule watu wa Bunia waliusifu, na hawakukosea. Hakukuwa na baa, hakukuwa na kambi ya askari, bomba la maji lilikuwa karibu, na mtoto alifika shuleni kabla chai haijapoa tumboni. Kila nyumba ilikuwa na ukuta wake wa matofali na lango lake la chuma. Waliojenga pale walikuwa wameona mambo miaka ya vita, na amani iliyofuata waliivaa kama nguo ya kuazima, wakijua mwenyewe anaweza kuja kuidai wakati wowote. Annette alinunua nyumba pale kwa ajili ya watoto wake watano. Alitaka wakue mahali pa utulivu.

Utulivu wenyewe ukamwangukia baba yake. Mwaka haujaisha, Davy, mume wa Annette, akahamishiwa kazi Mahagi, na familia ikamfuata. Nyumba isingeweza kuachwa tupu, kwa sababu Bunia nyumba tupu haikai tupu siku nyingi. Basi Mzee Rémy, fundi cherehani wa Mahagi-Port, aliyefiwa na mkewe na kutimiza miaka sabini na moja, akatolewa kando ya ziwa alikozaliwa, akaletwa kulinda vyumba vinne visivyo na mtu. Angalia akili za binadamu: binti amerudi karibu na kwao, na baba amepelekwa mbali. Mke na mume waliona ni jambo la busara, na mzee hakubisha.

Akakaa miaka miwili. Kila alfajiri alitoka na kofia yake pana ya ukindu na koti kuukuu la kazi, akafagia mbele ya lango. Watu walipopita aliwapungia mkono, nao wakampungia, wakaenda zao. Kule bandarini huwezi kupita mbele ya mtu bila kuulizwa umeamkaje, mtoto amepona, na hiyo nyama umenunua wapi. Huku watu walikuwa na adabu nyingi mno, hata hawakuulizana kitu. Mzee Rémy hakuwalaumu. Lakini alikuwa mpweke, tena upweke ule wa mtu kukaa mezani na kusikia meno yake mwenyewe yakitafuna.

Kwa hiyo Annette alipopiga simu kusema kwamba Jumapili watakuja wote, yeye na mumewe na watoto na mashemeji, mzee alipandwa na wazimu wa furaha. Alinunua mbuzi. Akaenda kwa Vital, yule anayekodisha vyombo karibu na soko, akachukua turubai kubwa la bluu na viti ishirini vya plastiki, maana uani hakukuwa na kivuli. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema, na mwenyeji huyu alikuwa mgonjwa kweli.

Jumapili hakwenda hata misa. Alinyoa ndevu, akaiacha kofia msumarini, akavaa suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe kwa harusi ya Annette. Sufuria ya mbuzi haikuenea kwenye babula, lile jiko lake dogo la makaa, hivyo akapanga mafiga matatu uani na kuwasha magogo makubwa. Akafungua lango lote, pande zote mbili kwa pamoja, lango ambalo halikuwa limefunguliwa hivyo tangu Annette aondoke. Redio hakuiwasha, ili asikie gari likifika.

Wewe uliyekulia mkoa huu wa Ituri umeshaliona kosa. Turubai uani, viti vimepangwa mistari, gogo linawaka mchana kweupe, lango wazi na hakuna muziki: hayo ni matanga. Ingekuwa sherehe, vipaza sauti vingeanza kupiga kelele kabla ya jogoo. Mzee Rémy alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, ila siku hiyo kichwa chake kilijaa wajukuu na hakikuwa na nafasi ya kitu kingine.

Saa nne simu ikalia. Alikuwa Annette. Barabara imefungwa. Watu wenye silaha walionekana usiku, askari wanarudisha kila gari, na wao wamesharudi nyumbani, watoto wanalia. Mzee akamwambia Mungu ni mwema kwa kuwa wote ni wazima. Binti alipouliza kama ameshapika, alijibu kwamba bado, hata moto hajawasha.

Alipokata simu aliketi kwenye kiti cha kwanza, akashika tama.

Hivyo ndivyo walivyomkuta waliotoka misa. Wa kwanza alikuwa Régine, mama wa nyumba iliyotazamana na ile, kitenge amekifunga kiunoni. Aliingia polepole, akampa mkono bila neno, akaketi. Wakafuata wanawake wawili, mmoja na bidoni la maji, mwingine na mzigo wa kuni. Wakaja wanaume wa barabara ile, akiwamo Jérôme, karani mstaafu mwenye miwani. Viti vikaanza kujaa. Mzee alidhani wamesikia habari ya barabara, wakaja kumpa pole kwa sababu watoto wake hawakufika, na machozi yakamlengalenga. Alijisemea moyoni kwamba aliwadhulumu watu hawa, kumbe wana utu.

Ndipo Régine akamwinamia.

"Pole sana, papa. Ule muzee tulikuwa tunamuonaka kila asubui, anafagia pale ku portail. Alikuwa mutu ya kimya, hakusumbuaka mutu. Weye ni ndugu yake?"

Mzee Rémy akapapasa kichwa chake kitupu. Bila kofia na koti, katika suti na kidevu kilichonyolewa, hakuna aliyemtambua. Miaka miwili walikuwa wamepungia kofia.

Jérôme naye akasema kwamba marehemu hakuwahi kukosa kumsalimu. Mwanamke wa kuni akasema mtaa mzima haukuwa na lango safi kama lile. Hapo ndipo palipokuwa na jaribu, na mzee hakulishinda mara moja. Viti kumi na vinne vilikuwa na watu. Moto ulikuwa unawaka, watu wanazungumza kwa sauti ya chini, na yote yaliyosemwa yalikuwa juu yake. Aliinamisha kichwa, akawaacha waendelee kidogo. Aliona aibu, na bado alitaka kusikia zaidi. Kisha mwanamke mmoja akaanza kulia kilio cha kweli, na hilo hakuliweza.

"Mama, usilie," alisema. "Ule muzee ni miye. Hakuna mutu alikufa hapa. Nilikuwa nangojea watoto yangu, njia ikafungwa. Mbuzi iko tayari. Ninawaomba, mukule."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Jérôme alisimama, akasafisha miwani yake, akaeleza kwa ukali kwamba matanga si mchezo, na kukalia matanga ya mtu aliye hai ni kumwita mauti. Wengine hawakukasirika, ila kila mmoja alikumbuka jambo: huyu ana mkutano, huyu ana mtoto mwenye homa. Walimshukuru sana kwa chakula, wakasema siku nyingine. Watu hao wangelala pale siku tatu mchana na usiku kama angekuwa maiti, na saa moja ya kula naye akiwa hai iliwashinda. Mwanamke wa kuni alisitasita, kisha akaziacha, kwa sababu kuni za matanga hazirudi nyumbani.

Régine peke yake alibaki. Ndiye aliyeanza kuingia, na aibu ilimtafuna.

"Papa, kweli weye unaitwaka nani?" akauliza. "Kule inje niliuliza watu yote, hakuna mwenye alijua."

Akamwambia anaitwa Rémy. Akamweleza cherehani yake, na sare za shule alizowashonea watoto wa bandari kwa miaka arobaini. Akamweleza Marcelline, mkewe, aliyezikwa kilimani ambako ziwa linaonekana lote. Akawataja wajukuu mmoja mmoja, na nani ana meno ya bibi yake. Régine alisikiliza bila haraka, akiyarudia majina chinichini ili asiyasahau. Mzee alimpakulia nyama awapelekee watoto wake, naye akainuka, akakaza kitenge.

"Aksanti, papa Rémy. Sasa siye tunakujua. Siku yako ikifika, hatutakosa ya kusema."

Aliyasema kwa moyo mweupe kabisa. Mzee Rémy alimshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani, kwa sababu tangu ahamie mtaa ule hakuwa ameambiwa neno jema kuliko hilo.