Kapteni Aliyeangukia Kwenye Pareto

Juzi, hapa Nakuru, mjukuu wangu alinionyesha mchezo wa vita kwenye kompyuta. Wanajeshi walirushwa kutoka chombo kilicho juu angani kabisa, wakashuka na moto miguuni, wakatua wote ndani ya duara moja, wamejipanga, bunduki tayari. Nikamuuliza, "Hao nani amewabeba mpaka hapo?" Akacheka. "Shosho, ni game tu." Game tu! Ngoja, rafiki yangu, nikuambie swali hilo nililitoa wapi.

Ulikuwa mwaka ule mwalimu alipotuambia kwamba watu wametembea juu ya mwezi. Sisi watoto wa shamba chini ya mlima Longonot tukajitengenezea mwezi wetu nyuma ya nyumba, kwenye lile vumbi jeupe linalokwaruza koo. Chombo kilikuwa tangi la maji juu ya nguzo. Wanajeshi walikuwa vipande vya magunzi, na miavuli yao tuliikata kwenye mifuko ya kitambaa ya unga, tukaifunga kwa nyuzi za katani. Nyanya alitufokea mpaka akachoka. Kapteni wangu alikuwa na kifungo cha koti la baba kifuani. Baba alikuwa amefariki, na sikuwa na kitu chake kingine.

Sheria zilikuwa za binamu yangu: mwanajeshi akianguka popote, unamwokota, unamweka ndani ya duara. Siku moja mzee jirani, aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa akitutazama kwenye ua na kikombe chake cha chai. Ndiye aliyeuliza nani amewabeba. Kule msituni, alitueleza, chakula chao kilishushwa na ndege, naye alikuwa chini akingoja. Anga ilijaa miavuli mpaka ukatamani kulia kwa uzuri wake. Halafu upepo ukaja. Mikate ikaenda mtoni, viatu vikabaki juu ya miti, gunia la mchele likamvunja mtu mgongo. Kuanzia hapo, kila mwanajeshi alipigana pale alipoangukia, na asiyeonekana hakuhesabiwa.

Mchezo ukaenea shamba lote. Alasiri moja upepo wa bonde ulimbeba kapteni wangu, ukampitisha juu ya uzio, ukamtupa kwenye shamba la pareto iliyochanua. Kitambaa cheupe ndani ya maua meupe, ekari nzima! Nililia sana. Binamu akasema tumhesabu amekufa, tuendelee.

Mzee jirani aliweka kikombe chini, akatupanga mstari, tukapita pareto yote polepole. Hatukumwona. Ndipo akatuambia, macho yake yakiwa bado chini, kwamba kule Burma mwenzake alitumwa kufuata gunia lililoangukia mbali, hakurudi. "Tulimngoja siku mbili," akasema. "Halafu tukaondoka."

Mimi nilikata tamaa. Yeye hapana. Akina mama waliochuma pareto walimkuta kule kila asubuhi, ameinama, akitenganisha maua kwa fimbo. Wiki ya tatu alikuja kwetu, akasimama wima langoni, kapteni kiganjani, kitambaa kimeoza, kifungo kipo. Akampigia saluti kwanza, ndipo akanipa. "Huyu amerudi," akasema. Jamani, niliogopa hata kumgusa.

Leo shamba limekatwa ploti, tangi liliuzwa kama chuma chakavu, na palipokuwa na pareto pana nyumba za kupanga. Mzee tulimzika zamani. Nilimsimulia mjukuu haya yote, nikamwekea kile kifungo mezani. Akaacha game yake, akakigeuza geuza, akaniuliza kama yule askari aliyepotea Burma aliwahi kupatikana.

Nikamwambia, bado.